Kufagia Kitanda cha Bakari

Tarehe kumi na tisa Februari. Tangu alfajiri mvua imekuwa ikinyesha ile ya polepole isiyo na upepo, na ilipofika adhuhuri maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye ngazi ya baraza. Nimekaa kuandika nikiwa sina hakika kama nitayaweka mambo mahali pake, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na kichwa changu siku hizi kinachukua ya jana kinayachanganya na ya juzi. Lakini leo limetokea jambo, na nisipoliandika leo, kesho nitaanza kudhani nililiota. Gari la watu wa bomba la gesi lililokuwa likitoka Madimba lilikwama kwenye tope mbele ya nyumba. Dereva akabaki anahangaika na matairi. Mwenzake, kijana wa Kichina mwembamba aliyevaa kofia ngumu ya njano, akakimbilia barazani kwangu kujikinga. "Shikamoo, bibi," akasema, vizuri kabisa. Nikaitikia, nikamvutia kiti, na kabla sijajua ninalofanya, mdomo wangu ukatoa maneno manne ambayo sijamwambia mtu tangu ujana wangu. Nayaandika nilivyoyasikia, wenyewe wanisamehe: sao ta i tai.

Kijana akavua kofia. Maji yalimtiririka usoni na wala hakuyafuta. "Bibi," akasema, "nani alikufundisha? Haya si maneno ya dukani. Babu yangu alikuwa akiyaandika kwa brashi, akimwalika mtu anayemheshimu sana." Nikamwambia alinifundisha mwanamke mmoja wa kwao, zamani, hata baba yake hajaoa. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikacheka. Maana yake niliishi nayo mwaka mzima: nimefagia kitanda, nakungoja. Gari liliponasuka, dereva akapiga honi, na yule kijana akaondoka kinyumenyume huku akiinama, mvua ikimpiga mgongoni, na chai niliyomtilia ikabaki inafuka moshi. Nikakaa pale pale kitini, nikaanza kukumbuka.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa nimeolewa na Bakari, tukikaa hapa hapa Chikongola katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Bibi Zuhura, kwa sababu kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Wakati huo nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi, sakafu ya mchanga mwekundu uliochekechwa na kumwagwa upya kila mwaka. Bakari alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, wa Kionga. Alivuka angali kijana, mama yake akabaki kule. Sasa vita vya Mreno vilikuwa vimechachamaa, watu wanavuka na watoto mgongoni, na kila aliyefika Bakari alimuuliza habari za mama yake, na kila mmoja akajibu kwamba hakumwona. Mwishowe akasema anakwenda kumchukua. Nilimwuliza utakaa muda gani, akasema hazitapita siku nyingi, weka maharage kwenye maji. Nadhani alisema maharage. Bibi alishikilia miezi yote ile kwamba alisema kunde, nami nikaanza kuamini huenda ndiye aliye sahihi.

Aliondoka asubuhi. Alishuka kitandani pekupeku, na nyayo zake zikabaki kwenye mchanga, nne au tano kutoka kitandani mpaka mlangoni, kidole gumba cha mguu wa kulia kimekaa pembeni kama kilivyokuwa. Nilishika ufagio kama nilivyozoea kila asubuhi, bila kufikiri. Bibi akanidaka mkono. "We Somoe! Unamfagia mume wangu?" Alikuwa akimwita Bakari mume wake, utani wa bibi na mume wa mjukuu, lakini siku hiyo hakuwa anatania. Kwetu msafiri hafagiliwi. Ukifagia nyuma yake, unafuta njia ya kurudi. Kwa safari ya kawaida watu hungoja siku hiyo tu, kesho yake wanafagia. Kwa huyu aliyekwenda kwenye bunduki, Bibi alisema, chumba hakiguswi mpaka aingie kwa mguu wake. Anayefagiliwa chumba na mwenyewe hayupo ni maiti: watu wakirudi makaburini, wanawake hukifagia chumba chake kutoka kitandani kwenda mlangoni, vumbi linamwagwa nje, godoro linaanikwa, basi. Nikahamia chumbani kwa Bibi, nikalala naye kwenye mkeka, na chumba chetu kikafungwa kwa kitambaa tu.

Nilikuwa na kazi ya kufua kwenye nyumba ya madaktari wa Kichina, nyuma ya hospitali. Walikuwa watu wa ajabu kwetu, si kwa sura, bali kwa namna walivyoishi. Madaktari wazima walilima bustani wenyewe asubuhi, suruali zimekunjwa mpaka magotini, wakapanda kabichi kwenye mchanga wetu na kabichi zikakubali. Walikula uji wa mchele usio na sukari wala chumvi, na mikate myeupe ya kupikwa kwa mvuke, laini kama shavu la mtoto, na walikula bila kuacha punje. Mkalimani wao alikuwa mwanamke, Ndugu Fang, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Kiswahili alikisomea kwao, na alikuwa akikizungumza kama mtu anayesoma taarifa ya habari. "Ndugu Somoe, je, shuka zimekwisha kukauka?" Mimi nilikuwa nikijibu, "Bado, ndugu," na moyoni nacheka. Lakini shuka haikunjwi na mtu mmoja. Kila alasiri, akimaliza wodini, alikuja uani akashika ncha mbili nami nikashika mbili, tunavuta, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Maneno yote aliyonipa alinipa hapo, tukiwa tumekutana katikati ya shuka.

Yalianza na swali lake. Alitaka kujua tofauti ya kungoja na kusubiri. Nikamwambia, kungoja ni kukaa hapo mpaka kitu kije, na kusubiri ni hivyo hivyo lakini na moyo uwemo. Sijui kama nilimwambia kweli. Mwalimu angesema vingine. Akauliza, "Na mengine?" Nikatafuta. Kutazamia. Kukesha. Nikaishiwa. Nikaona aibu, kama mtu aliyefungua kabati mbele ya mgeni likawa tupu. Nikamwuliza, ninyi mnayo mangapi? Akatazama dirisha la kiongozi wao kwanza. Kiongozi wao hakupenda maneno ya zamani, alisema ni ya mabwana waliokuwa wakiwakalia watu vichwani. Nami simlaumu, kwa sababu nilisikia baadaye kwamba baba yake alikufa njaa chini ya mabwana hao. Fang akashusha sauti, akasema, "Yapo mengi. Yapo kama nyumba, moja nyuma ya nyingine. Unafungua mlango, mna ua, na mlango mwingine."

Siku hiyo akanipa la kwanza. Siku moja, vuli tatu. Kamusi yake ilimwambia vuli, na mimi kwa vuli nikaelewa mvua, nikamwambia huku kwetu mvua ni moja. Akahangaika kueleza: majani yanakauka, mavuno yanaingia, hewa inapoa. Nikasema basi hiyo ni korosho. Akauliza korosho inaanguka lini, nikamweleza, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Wakati ule ule! Kwa hiyo tukaligeuza: siku moja, korosho tatu. Ukimngoja mtu, jua linachomoza na kutua mara moja tu, na wewe umeshaokota korosho zako misimu mitatu. Nilisimama na ncha za shuka mkononi. Mimi nilikuwa nikidhani jambo hili ni langu peke yangu, kwamba nina ugonjwa wa siku kurefuka, nikawa naona haya kuusema hata kwa Bibi. Kumbe kuna watu ng'ambo ya bahari waliokuwa nao kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, wakaupa jina, na jina likatunzwa, likaja kunifikia kwenye ua wa kufulia.

Nililibeba mpaka nyumbani nikampa Bibi. Akalitafuna. "Korosho tatu," akasema. "Huyo aliyesema alingoja." Tangu hapo kila nikirudi aliuliza, "Leo kakupa nini?" hata kabla ya kuuliza kama kuna chumvi. Nikamletea la mama anayeegemea: mwana akitoka asubuhi akachelewa, mama anaegemea mwimo wa mlango. Akitoka jioni asirudi, anatoka na kuegemea lango la kijiji. Kwa Kichina hayo yote ni maneno manne tu. Bibi akasema, "Naye nani alimpikia, na yeye yuko langoni?" Nikamletea la kuacha nafasi ya kushoto. Watu wa zamani wa kule, wakimngoja mtu mkubwa kweli, waliacha wazi nafasi iliyo kushoto kwao, asiikalie mwingine. Hapo Bibi akaruka. "Kushoto? Mgeni mkubwa umweke upande wa mkono wa chooni? Aka! Mwambie huyo Fang wako, hilo walikosea." Nikamwambia Fang. Alicheka mpaka shuka ikagusa chini, ikabidi tuifue upya.

Wakati huo habari za Bakari hazikuwapo. Mtu mmoja wa Mahurunga, kule mtoni, alisema watu wa Kionga wamekusanywa na Wareno wakatiwa kwenye vijiji vya uzio, mwenye kutoka anapigwa risasi. Mjomba wangu Mfaume, aliyekuwa na shamba la mikorosho Ziwani, akaanza kuja kila Ijumaa. Nisimwonee Mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye mzigo wa mpwa wake, na watu walikuwa wakimwuliza, yule mtoto mtamwacha akauke? Na mtu aliyemfikiria anioe, fundi baiskeli wa Mikindani aliyefiwa na mkewe, alikuwa mtu mwema. Nilimwona mara moja tu, akamshusha mtoto wake kwenye baiskeli kwa adabu kama anashusha yai. "Mwanangu," Mjomba aliniambia, "mimi simuui mume wako. Lakini akiwa amekufa, wewe humfufui kwa kukaa." Alitaka niende kwa shehe tuulize njia ya kunifungua. Na kwanza alitaka chumba kifagiwe. Kila alipopita mbele ya kile kitambaa alikuwa akikunja uso. "Nyumba ina maiti hajazikwa," akasema. Bibi akamjibu, "Maiti yuko kichwani mwako."

Hapo ndipo Fang aliponipa lile jingine. Ilikuwa alasiri ya jua kali, tunakunja shuka za wodi ya wazazi. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba mume wangu yuko ng'ambo, lakini habari ya chumba sikumwambia. Akasema, "Leo nina zuri sana kwa ajili yako." Akaniambia: kufagia kitanda na kungoja. Nikaachia shuka. Akadhani sikuelewa, akafafanua kwa furaha: unamngoja mtu unayempenda na kumheshimu, basi unafagia kitanda chake, kila siku, kiwe tayari saa yoyote. Nikasema, "Kitanda hakifagiwi, ndugu. Kinakung'utwa." Akaeleza kwamba vya kwao vya zamani vilikuwa vya mbao, vipana kama jukwaa, na vilifagiwa kweli. Mimi nilikuwa nikisikia ufagio unapita kwenye mchanga mwekundu, ukizifuta nyayo.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani kwa baiskeli, kamletea Bibi dawa ya kuchua goti. Bibi alikuwa anachambua mchele ukumbini. Wakasalimiana kwa heshima nyingi, Bibi akachuliwa goti, akasema mikono ya huyu mtoto ina moto mzuri. Upepo ukapeperusha kile kitambaa, na Fang akaona ndani. Kitanda cha kamba na shuka iliyovurugwa vilevile, ina vumbi jekundu kutoka kwenye makuti na ukutani. Shati kwenye msumari. Buibui alikuwa ameunganisha shati na ukuta. "Hapa analala nani?" akauliza. "Mume wangu," akajibu Bibi. Fang akanitazama. "Wa kwangu," nikasema, "Bibi anatania." Fang akashusha sauti ile ya wodini. "Alifariki?"

"Hasha!" Bibi karibu amwage mchele. "Angefariki pangekuwa safi."

Sijawahi kuona mtu anaelewa jambo kwa mwili mzima kama Fang alivyoelewa pale. Alivua viatu. Akachuchumaa kizingitini, mikono magotini, asiingie, akatazama zile nyayo, moja moja, mpaka ya mwisho iliyokuwa karibu na vidole vyake mwenyewe. Kuku walikuwa wakidonoa pumba ukumbini. Halafu akasema polepole, bila ile sauti yake ya redio, "Bibi, kwetu vumbi likikaa kitandani, watu husema huyu hangojwi tena." Bibi akajibu, "Na sisi likitoka." Wakatazamana. Nilikuwa katikati yao na ungo, na nikaona kitu ambacho mpaka leo sijui kukiandika. Niliona kwamba hawa wawili wanafanya jambo moja, mmoja kwa kushika ufagio, mwingine kwa kuukataa, na bahari nzima iko kati yao. Fang akaongeza, kama anayesema na nafsi yake, "Mama yangu hufagia kitanda changu kila asubuhi. Ananitunzia mtoto wangu, na hafanyi kazi nyingine mpaka akifagie. Niliandika aache, mgongo unamuuma." Bibi akarudi kwenye mchele wake. "Mwandikie asiache," akasema.

Ijumaa iliyofuata Mjomba alikuja na shangazi zangu wawili na ufagio mpya wa chelewa. Safari hii alikuja pia na shehe, mzee wa mtaa wetu aliyenifundisha juzuu, ili mambo yaende kwa taratibu. Shehe alipewa kiti. Mjomba akasimama katikati ya ukumbi. "Zuhura," alimwita mama yake mzazi kwa jina, kitu ambacho hakukifanya siku nyingine, "leo tunafagia. Tukifagia, mtoto anakaa eda yake, akitoka anaolewa. Nimeshasema." Shangazi mmoja akaanza kulia kule kwa kuandaa kilio. Bibi akajiburuta mpaka mlangoni pa chumba, akakaa kizingitini na lile goti lake. "Mnipite kwanza," akasema. Mjomba akasema, "Mama, nyanyuka, usinitie aibu." Na Bibi, "Aibu umekuja nayo kwenye mfuko mwenyewe."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, hata darasani nilikuwa najua jibu nikanyamaza. Nilimheshimu Mjomba, nilimpenda Bibi, na nilijua kwamba mmoja wao atavunjika mbele yangu. Nikachukua ufagio mkononi mwa shangazi. "Nafagia mwenyewe," nikasema. Uso wa Bibi ulivyobadilika sitausahau. Alidhani nimekubali. Nikachuchumaa nikamwambia sikioni, "Nipishe, Bibi. Nafagia kwa kumngoja." Alinitazama ndani ya macho, akatafuta kitu humo, na nadhani akakipata, kwa maana alinishika bega akanyanyuka.

Nilianza mlangoni. Wote walikuwa wakijua kwamba aliyekufa hufagiliwa kutoka kitandani kwenda mlangoni, na walipoona naanza kizingitini, narudisha mchanga ndani, shangazi akakatiza kilio. Nilizifagia nyayo za Bakari moja moja kuelekea kitandani, kama namrudisha. Nikakung'uta shuka humo humo chumbani. Yule buibui nikamwachia kona yake. Vumbi lote nikalikusanya kwenye chungu cha Bibi, nikalifunika kwa kifuu, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikatandika shuka safi. Nikatoka, sikumwaga hata chembe nje, na nikasema yale maneno manne ya Kichina, kwa sababu kwa Kiswahili sikuwa nayo. Kisha nikaeleza maana yake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ukumbi nao ulikuwa mdogo.

Mjomba aliduwaa. "Hiyo ni nini? Umefagia au hukufagia?" Nikasema, "Nimefagia." "Basi unakaa eda." "Sikai, Mjomba. Naandaa kitanda." Akamgeukia shehe, akitaka msaada. Shehe alikuwa anatazama chumba, ndevu zimeinuka kidogo. "Maneno hayo ya nani?" akaniuliza. Nikamjibu. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Subhanallah. Hata kule." Halafu akamwambia Mjomba, "Mfaume, ufagio hauui mtu, wala hautoi talaka. Ya sheria yana muda wake na yana kadhi wake. Mpe mtoto mpaka korosho ziingie." Mjomba akavuta pumzi. Alikuwa na haki ya kukasirika, mbele ya shangazi zangu na shehe, na hakukasirika. Alisema tu, "Mpaka korosho," akachukua ufagio wake, akaufikiria, akauacha.

Tangu siku hiyo nilifagia kila asubuhi, mlangoni kwenda kitandani, na chungu kikawa kizito. Fang nilimsimulia kwenye shuka. Aliziachia ncha zake, akanizunguka akaja upande wangu, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilinukia sabuni ya hospitali. Muda wao uliisha kabla ya korosho. Asubuhi ya kuondoka aliniambia kwamba atakapofika atakilalia kile kitanda chake mchana kutwa. Sikupata habari zake tena. Yule kijana wa leo alisema anaweza kunitafutia, nikamwambia asijisumbue, na sasa naandika najiuliza kama nilifanya vizuri.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, si nyingi, zile za mwanzo. Ilikuwa baada ya alasiri, nilikuwa napepeta barazani. Nikasikia mtu anahema, nikainua uso. Ajuza mmoja, mwembamba, kajifunga kaniki iliyochanika, alikuwa ameegemea mwimo wa mlango wetu kwa bega lake lote. Hakubisha hodi. "Kwa Bakari ni hapa?" akauliza kwa Kiswahili cha upande ule. Nilimjua kabla hajamaliza. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimekaa pembeni.

Alikunywa maji kwanza, na Bibi hakumruhusu aseme mpaka amalize. Halafu akasema. Bakari alimfikia ndani ya uzio, lakini kutoka kulikuwa si rahisi: kila jioni askari walikuwa wakihesabu watu wa kila nyumba, na ikipungua roho moja, majirani wanapigwa. Ndipo Bakari akasimama kwenye mstari mahali pa mama yake, kajifunika kaniki yake nyingine, kainama kama kizee, mama akapitishwa na wapigania uhuru kwenye mikoko. Jioni ya pili akajifunua, akakamatwa kama mwanamume mgeni, akaandikwa mtu wa nyumba ile mahali pa mama yake, na hesabu ikatimia. "Yu hai," akasema mama mkwe. "Kasema nikwambie maharage uyatoe kwenye maji." Bibi akanitazama, na kwa mara ya kwanza akanyamaza kuhusu kunde. Bakari alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na tukakaa pamoja mpaka kaburi lilipomchukua, lakini siku hiyo hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba yu hai na hayupo.

Nilimpeleka mama mkwe chumbani apumzike. Alisimama mbele ya kile kitanda kilichotandikwa, mchanga umelala bila alama. "Nani alijua nakuja?" akauliza. Nikavuta chungu kutoka chini ya kitanda, nikaondoa kifuu, nikamwambia humu mna nyayo zake. Alipiga magoti. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama anayetafuta kitu majini, akauacha humo. Kisha akajiinua kitandani bila kuutoa, akalala ubavu, mkono ukining'inia kutoka kitandani ndani ya chungu, na mimi nikakaa sakafuni nikimtazama, nikiogopa hata kupumua kwa nguvu.

Karibu na magharibi Mjomba Mfaume alifika na kikapu, habari zilikuwa zimeshamfikia Ziwani. Alimwamkia mgeni, akakohoa, akamwambia Bibi, "Si nilisema afagie? Kafagia." Bibi alicheka hadi akashika goti. Tukatandika mkeka. Mjomba alipotaka kukaa ubavuni kwa Bibi, upande wa kushoto, Bibi aliupiga mkeka kwa kiganja. "Hapo pana mtu," akasema. "Zunguka." Mjomba akazunguka bila kuelewa. Tulikula ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi, mizizi ya porini aliyoileta yeye, na chukuchuku, mchuzi mwepesi wa changu wenye limao jingi, na kichwa cha samaki kilikaa kwenye sahani ya Bakari, kushoto kwa Bibi, hakuna aliyekigusa.